Baada ya Mafuriko Nyabiyonza, Anzeni na Daftari

Mafuriko ya nchi ya milima yana tabia yake. Kule Rufiji maji hupanda kwa siku kadhaa, hutanda, hukaa wiki, na kila mtu anayaona. Kwetu Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, sivyo. Mvua inapiga mlimani saa mbili, korongo lililokuwa kavu linanguruma, bonde linajaa, na kufikia asubuhi maji yameshakwenda zake. Mgeni anayepita barabarani anaweza kudhani hakuna kilichotokea. Kumbe kalavati limeondoka, chemchemi imejaa tope, vyoo vimetitia, maharage ya bondeni yamefunikwa na mchanga, na nyumba ya tofali mbichi imelowa kuanzia chini. Bado imesimama, lakini si ya kulala mtu.

Madhara ya namna hiyo hutawanyika. Kaya mbili kitongoji hiki, tano kile, moja peke yake ng'ambo ya bonde ambako bodaboda haifiki tena. Hapo ndipo msaada unapoharibikia katika vijiji vyetu, na huharibika mapema. Gari la kwanza husimama pale barabara inapoishia. Wanaokaa jirani na barabara hupokea, wa ng'ambo husikia habari. Wiki ya pili maneno yanaanza, ya tatu watu hawasalimiani, na mara nyingi hakuna aliyekusudia kumdhulumu mwenzake. Orodha haikuwepo, basi.

Maelezo haya nimeyaandika nikiifikiria kata ya Nyabiyonza, ingawa mtu wa Nyaishozi, Ihembe, Nkwenda au Kaisho atayatumia vilevile. Yanawahusu mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, mwalimu, mchungaji, shehe, mama mweka hazina wa VICOBA, na kijana mwenye simu nzuri anayetaka kusaidia asijue aanzie wapi. Aanzie kwenye daftari.

Lakini kwanza watu

Maji yakiwa bado yanakwenda, kazi ni moja: kuhesabu watu. Kila mwenyekiti wa kitongoji aulizwe nani hajaonekana, watoto wa shule walipita njia ipi, nani alikuwa shambani bondeni. Maji ya kasi yanayovuka kidogo tu kifundo cha mguu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika kama futi mbili hubeba magari mengi. Kwa hiyo wekeni watu kila upande wa kivuko, watu wenye kauli, wazuie hata anayesema anapajua. Bodaboda hasa, maana ana abiria na ana haraka. Simu ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, ya Polisi ni 112. Waya wa umeme ulioanguka usiguswe wala kurukwa mpaka TANESCO wafike.

Nyumba za udongo zilizolowa zinaua watu baada ya mvua kukatika. Ukuta unaanza kukauka, jua linatoka, wenyewe wanarudi kulala, na usiku unashuka wote. Zungukeni nyumba kwa nyumba. Ufa unaoanzia chini, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama, ukuta ulioanza kuinama: nyumba hiyo haina kulala mtu, hata mwenyewe akilia. Vitu vitolewe mchana, na watu wachache.

Waliokosa pa kulala wapelekwe kwa jamaa na majirani kwanza. Darasa la shule liwe la mwisho. Shule ikigeuzwa kambi, watoto wa kijiji kizima wanakosa masomo, na familia zilizorundikana chumba kimoja zinaambukizana magonjwa. Anayewapokea wenzake naye aandikwe kwenye daftari. Amefungua mlango, na kuanzia jioni hiyo sufuria lililokuwa la watu watano ni la watu kumi na moja. Wiki mbili zikipita bila kukumbukwa, chakula chake kimekwisha, na ukarimu wake umemfanya mwathirika wa pili.

Daftari lenyewe

Nunueni kaunta buku lenye jalada gumu, moja kwa kijiji. Msiandike kwenye karatasi za kuchana, na msitegemee simu peke yake. Kila kitongoji kipate waandishi wawili: mmoja kiongozi, mwingine asiyekuwa kiongozi, kama mwalimu au mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wasikae chini ya mti kungoja watu waje kujiandikisha. Waende. Anayekuja kujiandikisha ni yule mwenye miguu, mwenye muda na mwenye kauli. Aliyevunjika, anayeuguza au mwenye aibu hatafika.

Kila mstari uwe kaya moja, na uonyeshe jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, wangapi ni watoto chini ya miaka 5, kama kuna mjamzito, mzee au mwenye ulemavu, kilichoharibika upande wa nyumba, choo, chakula, shamba na mifugo, wanakolala sasa, halafu nafasi kubwa ya kuandika walichopokea, tarehe, na saini au dole gumba. Mstari ulioandikwa vizuri unasomeka hivi: "Na. 17. Mjane, watu sita, wawili chini ya miaka mitano. Jiko limeanguka, chumba kina ufa. Choo kimetitia. Maharage ya mbegu madebe mawili yamelowa. Wanalala kwa shemeji, Na. 22." Hapo hujauliza swali lolote la ziada, lakini unajua kwamba leo kaya hii inahitaji chakula kuliko turubai, kwamba Na. 22 waongezewe unga, kwamba choo ni cha wiki hii, na kwamba mbegu lazima zipatikane kabla ya msimu. Mstari unaosema "ameathirika sana" haukuambii lolote.

Kisha kaya zigawanywe makundi matatu. Kundi la kwanza ni la wasio na pa kulala wala chakula. La pili wana pa kulala, ila chakula au mbegu zimepotea. La tatu wamepata hasara ya shamba au mifugo, lakini kaya inakula. Yasizidi matatu, yakiwa mengi watu watagombania makundi badala ya kusaidiana.

Wapo wanaosahauliwa kila mara, na nawataja kwa sababu hawatajitaja. Mke wa pili ambaye nyumba yake imeandikwa kwa jina la mume anayelala kwa mke wa kwanza: aandikwe kaya yake. Mpangaji. Kibarua anayelala kwenye kibanda ndani ya shamba la mtu. Watoto wanaolelewa na bibi. Mzee anayeishi peke yake na anayesemwa vibaya kijijini. Mwaka 2000 watafiti walikaa katika kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, wakaiuliza kila kaya, zote 119, ingemtegemea nani ikipatwa na shida. Ikaonekana kwamba kaya maskini zina watu wachache wa kutegemea kuliko kaya zenye uwezo. Fikirini maana yake siku ya mafuriko: orodha ikitungwa kwa kukumbukana, wenye jamaa wengi watakumbukwa, na anayehitaji zaidi ndiye mwenye watu wachache wa kumtaja. Dawa yake ni kutembea mlango kwa mlango.

Ugonjwa wa mtu usiandikwe. Nitarudi kwenye hilo.

Likishaandikwa, daftari lisomwe kwa sauti hadharani, kitongoji kwa kitongoji, kabla kilo moja ya unga haijafika. Hii ndiyo hatua ambayo viongozi wengi huikwepa, wakiogopa kelele. Kelele za siku hiyo ni nafuu. Mtu atasimama aseme, "Huyu nyumba yake haikuguswa," mwingine atasema, "Mmemsahau mama fulani kule juu." Nendeni mkaangalie siku hiyohiyo, rekebisheni, aliyerekebisha asaini. Baada ya hapo mtendaji apige mhuri, nakala moja iende kata, na majina pamoja na makundi yabandikwe kwenye ubao wa kijiji. Namba za simu za watu zisibandikwe.

Nani afanye nini

Msiunde kamati mpya. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya mpaka kata na kijiji. Kama ya kwenu imelala, iamsheni, na mwongeze watu wanaofanya kazi: mhudumu wa afya, mwalimu, mwakilishi wa makanisa na wa msikiti, wanawake wasiopungua theluthi moja, na mtu mmoja kutoka kitongoji kilichoumia zaidi. Taarifa zipande ngazi moja baada ya nyingine, kijiji, kata, wilaya, maana Mkuu wa Wilaya hawezi kuomba msaada mkoani kwa maneno ya kusikia.

Gawaneni kazi kwa majina: mwandishi wa daftari, mtunza ghala, msemaji wa simu na wageni, wa maji na afya, wa barabara na ujenzi. Mwandishi na mtunza ghala wasiwe mtu mmoja, wala mtu na mkewe. Msemaji awe mmoja tu. Wakiwa wanne wanaopiga simu wilayani Kayanga, kila mmoja atakuwa na idadi yake, na wilaya haitaamini hata moja.

Halafu vipo vyama vya kufa na kuzikana. Kwa maoni yangu hii ndiyo taasisi imara kuliko zote vijijini Kagera. Vina daftari la wanachama, zamu zinazoheshimika, masufuria makubwa, na watu waliozoea kufika kwenye msiba usiku ule ule bila kubembelezwa. Waombeni wapike siku mbili tatu za mwanzo, wasombe maji, wakeshe na waliofiwa. Kasoro yao ni moja: hutazama mwanachama kwanza. Ndiyo maana wao nao wapewe orodha ya kijiji, wapike kwa orodha hiyo. Makanisa, msikiti, VICOBA na chama cha msingi cha kahawa wafuate utaratibu uleule. Kila mmoja abaki na wafadhili wake na jina lake. Daftari liwe moja.

Kuomba vizuri

"Tunaomba msaada, hali ni mbaya" ni ujumbe unaosambaa haraka na kuleta vitu visivyotakiwa. Andikeni kama hivi, na tarakimu ni za mfano: "Kijiji chetu, kata ya Nyabiyonza, mvua ya jana usiku. Kaya 43 zimeathirika. Kaya 11 hazina pa kulala. Kaya 18 zenye watu 104 hazina chakula. Kalavati limekatika, gari linafika shuleni, pikipiki inavuka kwa shida. Kwa siku saba tunahitaji: maturubai 11, madumu ya lita 20 yapatayo 40, vidonge vya kutibu maji, sabuni, unga kilo 300, maharage kilo 45, mafuta lita 20. Nguo hatuhitaji. Mpokeaji ni mtendaji wa kijiji." Ujumbe huu unamwezesha afisa kuchukua hatua asubuhi hiyohiyo, na mtoto wa kijiji aliyeko Mwanza au Dar es Salaam kujua anunue nini.

Hesabu ya chakula si ya kubahatisha. Kipimo kinachotumiwa sana na mashirika ya misaada ni unga au nafaka gramu 400, maharage gramu 60 na mafuta gramu 25 kwa mtu mmoja kwa siku. Zidisheni kwa watu na kwa siku. Huku kwetu mtu hula ndizi na maharage kabla ya ugali, kwa hiyo vijiji jirani ambavyo havikuguswa viombwe mikungu na maharage; hivyo hufika kichwani na kwa baiskeli kabla lori lolote halijatoka Bukoba.

Kuhusu nguo nimesema mapema kwa sababu ndizo huja kwa wingi. Marobota ya nguo yanachukua ghala, yanachukua watu wa kuchambua, na yanaleta ugomvi kuliko unga. Watoto wachanga na waliopoteza kila kitu wanunuliwe nguo kwa orodha.

Fedha zina hatari yake, na Kagera tuna kumbukumbu chungu. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba katika mkoa huu. Michango ikaja kutoka kila pembe ya nchi. Kabla mwezi ule haujaisha, Rais John Magufuli aliwaondoa viongozi kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Wachangiaji wakaingiwa na shaka, na aliyeumia kwa shaka ile ni yule aliyekuwa analala nje. Sasa ninyi, hata kama mnachangisha laki tano, wekeni akaunti moja, ya kijiji au ya chama kinachojulikana, watia saini watatu wasiokuwa ndugu, na namba yake itangazwe kwenye mkutano na kwenye redio za jamii kama FADECO ya Karagwe. Namba ya simu ya mtu binafsi isitumike, hata awe mwadilifu namna gani. Mnamlinda yeye pia. Kila Jumapili mapato na matumizi yabandikwe ubaoni na yapigwe picha yatumwe kwenye kundi la WhatsApp la waliochangia. Anayeona ubadhirifu apige TAKUKURU, 113.

Siku ya kugawa

Chagueni mahali ambapo mtu wa ng'ambo anafika bila kuvuka maji, na kama hapapo, gaweni sehemu mbili. Anzeni asubuhi ili wanawake warudi nyumbani jua likiwa juu. Mizani iwe mbele za watu. Majina yaitwe kwa daftari. Wazee, wajawazito na wenye ulemavu watangulie. Kila mmoja asaini kwenye mstari wake. Anayetuma mtu aseme mapema anamtuma nani.

Mwanamke mmoja anayeheshimika akae meza ya malalamiko tangu mwanzo mpaka mwisho. Wakati wa maafa wako wanaume wanaodai malipo ya aibu kwa mfuko wa unga, na mama mwenye njaa hatalisema hilo mbele ya umati. Litangazwe kabla ya kugawa: msaada ni bure, hauna malipo ya fedha, ya kazi wala ya mwili, na anayedai chochote atapelekwa dawati la jinsia la polisi. Litangazwe kila mara, hata kama mnaona aibu kulitamka.

Vitu vikipungua, msikate vipande vipande ili kila mtu apate kijiko. Kundi la kwanza lipate kamili, na waliobaki waambiwe sababu na siku.

Maji, choo, dawa

Mafuriko ya milimani huingiza kinyesi kwenye chemchemi. Choo kimetitia juu, maji yamepita, chemchemi iko chini; hakuna siri hapo. Mpaka kisima kisafishwe na kukaguliwa, kila tone la kunywa litibiwe. Chujeni kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha chemsheni mpaka yatokote sawasawa, au wekeni kidonge cha kutibu maji na mngoje nusu saa. Kidonge cha kawaida cha WaterGuard ni kimoja kwa dumu la lita 20. Someni kwenye pakiti, maana vipo vya vipimo tofauti. Maji ya tope yanamaliza nguvu ya dawa, kwa hiyo yatulie na yachujwe kwanza. Kila mtu akadiriwe lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na kunawa. Chemchemi ifukuliwe, tope litolewe, mtaro uchimbwe juu yake ili maji ya mlimani yapite pembeni, na RUWASA pamoja na afisa afya wa kata waitwe kupima maji yake.

Vyoo vya muda visingoje mfadhili. Kimoja kwa watu wasiozidi 20, mita 30 au zaidi kutoka kwenye maji, na kiwe upande wa chini wa chemchemi. Vijana sita wenye majembe na sepetu wanakimaliza kwa siku.

Mtu akiharisha maji maji mfululizo, msingoje wa pili. Apelekwe zahanati, na njiani anyweshwe maji ya chumvichumvi. Pakiti zisipokuwepo, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto anyonye kama kawaida. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure kwa maswali.

Sasa lile la ugonjwa. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983, na leo katika kila kijiji kuna watu wanaoishi vizuri kwa sababu hawakosi dawa hata siku moja. Mafuriko yakisomba kopo la dawa na kadi ya kliniki, mtu huyo hatasimama mkutanoni kusema. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite kimya nyumba zote, bila kuchagua, aulize swali lilelile kwa kila mtu: kuna dawa ya kila siku iliyopotea, ya presha, kisukari, kifua kikuu au nyingineyo? Kisha azungumze na zahanati. Kwa kuwa amepita kote, hakuna anayejulikana. Barabara ikiwa imekatika, dawa za hao ndizo za kwanza kupanda pikipiki, kabla ya unga.

Maharage au mahindi yaliyolowa siku mbili tatu yasiliwe na mtu wala yasisagwe ili kufichwa. Ukungu huleta sumukuvu, na kuchemsha hakuiondoi.

Miezi inayofuata

Kamati nyingi hufa wiki ya tatu. Wageni wamekwenda, picha zimepigwa, ghala tupu. Lakini aliyepoteza shamba ndiyo kwanza anaanza. Na kwamba kazi hiyo ndefu hubaki mikononi mwetu, tulionyeshwa wazi baada ya tetemeko: Rais Magufuli alipokuja Bukoba Januari 2017 alisema Serikali haitamjengea kila mtu nyumba, fedha zitaelekezwa kwenye shule, hospitali na barabara. Wengi waliumia kusikia. Ni kweli kwamba Hanang, baada ya maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023 yaliyoua zaidi ya watu 80, Serikali na Msalaba Mwekundu walijenga nyumba mpya. Lakini mafuriko ya bonde moja, yenye kaya arobaini, hayatatikisa nchi. Nyumba za kaya hizo zitasimama kwa mikono ya kijiji.

Kwa hiyo siku mbili za kila wiki ziwe za kazi ya pamoja, na daftari liamue nyumba ipi inatangulia. Mchango wa mabati na misumari unaombeka kirahisi ukiwa na hesabu. Miti ya mikaratusi ipo. Msirudie kosa la mwanzo: msingi upandishwe kwa mawe kabla ya tofali, paa litoke nje ya ukuta vya kutosha, na nyuma ya nyumba upande wa mlima uchimbwe mtaro. Kaya iliyojenga kwenye mkondo wa korongo isijengewe palepale, na hili linataka mazungumzo ya ndugu kwa ndugu, kwa sababu wengi walijenga pale kwa kukosa pengine. Serikali ya kijiji itafute kiwanja kabla ya kumwambia mtu ahame.

Shambani, maharage ndiyo njia ya mkato. Yanakomaa kwa takriban miezi mitatu, wakati mgomba mpya unataka mwaka au mwaka na nusu mpaka mkungu. Mbegu zikifika Septemba au Oktoba, au Februari na Machi, kaya inasimama. Zikifika Desemba zitaliwa, na sitamlaumu aliyezila. Ndiyo maana naona mbegu ziombwe katika ujumbe wa kwanza kabisa, pamoja na unga. Aliyepewa debe arudishe debe baada ya mavuno, liingie ghala la kijiji kwa mwingine.

Migomba inahitaji uangalifu zaidi. Iliyoanguka ikatwe, maji yaliyotuama yachimbiwe mifereji, lakini machipukizi ya kupanda yasichukuliwe popote kwa huruma ya haraka. Mnyauko wa bakteria uligunduliwa nchini mwaka 2006, humuhumu Kagera, na unasafiri kwenye mche na kwenye panga. Msaada wa miche kutoka shamba lenye ugonjwa utamaliza kibanja ambacho mafuriko yalikiacha. Afisa ugani akague shamba linalotoa miche. Kituo cha utafiti cha TARI Maruku ndicho chenye utaalamu wa migomba katika mkoa. Panga lipitishwe kwenye moto au lisafishwe kwa JIK kabla ya kuhamia shamba jingine. Siku za kazi ya pamoja ndizo za hatari kabisa, watu ishirini na mapanga ishirini kutoka vibanja ishirini.

Kalavati lililoondoka liandikiwe TARURA, barua yenye picha, tarehe, na idadi ya wanafunzi na wagonjwa wanaovuka hapo. Nakala kwa diwani. Wakati mnangoja, daraja la magogo lenye kishikio kila upande linatosha kwa watembea kwa miguu. Huko juu mlimani, ambako maji yalianzia, wenye mashamba wakae na wa bondeni wapange makingamaji, nyasi za kushika udongo na miti. Mlima usiposhughulikiwa, kila kitu mlichojenga chini ni cha muda.

Daftari lifungwe siku ambayo kaya za kundi la kwanza zimevuna msimu mmoja kamili. Lisomwe tena hadharani: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, nani bado.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua za vuli kabla ya msimu kuanza. Wewe unayesoma, mwombe mwenyekiti aweke mambo matatu kwenye ajenda ya mkutano ujao: kaunta buku linunuliwe na kaya zote ziandikwe sasa, kamati ya maafa itajwe kwa majina, na watia saini watatu wachaguliwe. Usingoje wingu.